Nembo za Mawe za Askari Waliosubiri Vita Jangwani

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, walimu wenzangu, na ninyi vijana mliojaa huko nyuma hata viti vikapungua: shikamooni wanaostahili, na kwa wengine wote, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie alama ambazo askari huziacha mahali walipopiga kambi. Mada hiyo ni pana, nami nimeona heri nichague mahali pamoja nipaeleze vizuri. Nimechagua jangwa lililoko kusini-mashariki mwa California, linalovuka mto Colorado na kuingia Arizona, nchini Marekani. Mvua inayonyesha huko kwa mwaka mzima haifikii ile inayotunyeshea Dar es Salaam kwa mwezi mmoja wa masika. Juu ya ardhi hiyo kavu zimebaki hadi leo pembetatu, duara, misalaba, nambari, madhabahu na mistari mirefu ya njia zilizonyooka, na vyote hivyo vimepangwa kwa mawe ya kawaida yaliyookotwa papo hapo. Waliovipanga walikuwa vijana wa jeshi kati ya mwaka 1942 na 1944.

Nianze na sababu ya wao kuwa huko. Mwanzoni mwa 1942 Marekani ilikuwa imeshaingia vitani, na vita vya Afrika Kaskazini, kutoka Misri hadi Libya, vilikuwa vinapiganwa kwa vifaru katika mchanga. Jeshi la Marekani halikuwa na uzoefu wa vita vya namna hiyo. Mwezi Machi mwaka huo Meja Jenerali George S. Patton alitumwa kutafuta eneo la mafunzo, akaliruka jangwa hilo kwa ndege na kulizunguka kwa gari, kisha akaweka makao makuu katika Kambi ya Young, karibu na mahali panapoitwa leo Chiriaco Summit. Askari wa kwanza waliwasili mwezi Aprili. Patton mwenyewe hakukaa sana. Hata miezi sita haikutimia kabla hajaitwa kwenda kuandaa majeshi yaliyotua Morocco mwezi Novemba. Jina lake ndilo lililokwama pale, na mpaka leo watu huzungumzia kambi za Patton ingawa walio wengi kati ya waliolala humo hawakuwahi kumtia machoni.

Eneo lenyewe lilikua hadi kufikia maili za mraba zipatazo 18,000, ukubwa unaokaribia Rwanda mbili. Divisheni 20 zilipitia hapo, 13 za askari wa miguu na 7 za vifaru, na idadi ya askari wote hutajwa kuwa kama milioni moja. Kambi kubwa ziliitwa Young, Coxcomb, Iron Mountain, Granite, Clipper, Ibis, na nyingine zilikuwa upande wa Arizona. Maji yaliwezekana kupatikana kwa sababu ya mfereji mkubwa uliokuwa umejengwa miaka michache kabla, wa kuchukua maji ya mto Colorado hadi Los Angeles. Bila mfereji huo sidhani kama leo ningekuwa na la kuwaeleza.

Sasa tuangalie kambi yenyewe. Mjue kwamba makao ya askari yalikuwa mahema, na agizo lilikuwa kwamba watu wazoee taabu. Kiangazi joto lilivuka nyuzi 45, na ndani ya kifaru kilichosimama juani chuma hakigusiki kwa mkono mtupu. Askari walifunzwa kubana maji, na walitakiwa kukimbia maili moja ndani ya dakika kumi wakiwa na bunduki na mizigo mgongoni. Jioni walirudi kwenye mahema yaliyopangwa safu kwa safu, yote ya rangi moja, juu ya uwanda ambao pia ni wa rangi moja kutoka mlima hadi mlima. Mtu aliyetoka usiku kwenda chooni angeweza kabisa kurudi na kujilaza katika hema la kombania nyingine.

Hapo ndipo mawe yalipoanza kazi. Kwanza yalipangwa kando ya njia, ili magari yajue pa kupita na pasipopitika, na miguu ya watu isisambae kila mahali na kutifua vumbi. Mtaa ukapata kingo mbili za mawe, na kutoka mtaani kila hema likapata kijia chake. Mbele ya hema la ofisi ya kombania kikawekwa kiduara cha kusimamishia mlingoti wa bendera. Nadhani hadi hapo tunazungumzia amri: sajini amesema mawe yapangwe, na mawe yamepangwa. Kila aliyewahi kupitia mafunzo ya jeshi au hata Jeshi la Kujenga Taifa anayakumbuka mawe ya kupaka chokaa, na anajua kwamba wakati mwingine kazi hiyo hutolewa kwa sababu kijana asiye na kazi humtia sajini wasiwasi.

Lakini nembo hazielezeki kwa amri peke yake. Divisheni za vifaru zilivaa begani pembetatu yenye rangi tatu: manjano ya wapandafarasi, buluu ya askari wa miguu na nyekundu ya mizinga, na katikati palikuwa na alama ya mnyororo wa kifaru, mzinga na radi. Pembetatu ni umbo jepesi kulipanga kwa mawe, na nambari ya divisheni inakaa vizuri kwenye ncha ya juu. Nyingi kati ya divisheni hizo zilikuwa changa mno. Ya 4, kwa mfano, iliundwa mwaka 1941 na ikafanya mazoezi katika jangwa hili mwishoni mwa 1942 na mwanzoni mwa 1943. Haikuwa na ushindi wa kujivunia, wala wimbo wa wazee wake, wala bendera iliyotobolewa kwa risasi. Ilikuwa na nambari. Kijana aliyetolewa shambani, mwaka mmoja kabla ya hapo, akaambiwa kwamba sasa yeye ni wa nambari nne, aliitwaa nambari hiyo akaiandika chini kwa mawe mazito, na kazi hiyo akaifanya baada ya kazi, mgongo ukiuma. Sioni kama sajini peke yake angeweza kumfanya mtu ajitoe hivyo.

Kuna jambo lililonishangaza nilipoanza kuchora ramani za mabaki ya aina hii, na ningependa mlifikirie nami. Jeshi lile lilikuwa linafundishwa kujificha. Vifaru vilifunikwa nyavu, magari yalitawanywa ili ndege isiyapate pamoja, na mwendo wa usiku ulikuwa bila taa. Halafu, katika kambi hiyohiyo, askari wanaandika ardhini, kwa herufi zinazosomeka kutoka angani, kwamba sisi ni kikosi fulani na tuko hapa. Kambi iliyo karibu na adui haiwezi kufanya hivyo hata siku moja. Nembo ya mawe inamwambia anayejua kusoma kwamba aliyeipanga hakuwa bado na hofu ya ndege ya adui. Ni kazi ya askari anayesubiri.

Nimejaribu kuipima dhana hiyo kwa mifano ya kwingineko, nayo imesimama. Katika vilima vya chokaa vya Wiltshire, Uingereza, karibu na kijiji cha Fovant, vikosi vilivyokuwa vikifanya mazoezi kabla ya kuvuka kwenda Ufaransa vilianza mwaka 1916 kuchimba nembo zao mlimani kwa kufyeka nyasi na kufichua chokaa nyeupe. Bulford, si mbali na hapo, kuna ndege mkubwa aina ya kiwi mwenye urefu wa mita zaidi ya 120, aliyechimbwa mwaka 1919 na askari wa New Zealand. Vita vilikuwa vimekwisha, meli za kuwarudisha kwao hazikupatikana, watu wakachoka kungoja hata wakafanya fujo, na maofisa wao wakawatafutia kazi ya mikono. Katika Pito la Khyber, penye mpaka wa Pakistan na Afghanistan, nembo za Gordon Highlanders, South Wales Borderers, Essex, Royal Sussex na vikosi vingine zimewekwa kwenye majabali yanayoelekeana na barabara, na hao walikuwa walinzi wa njia, watu wa siku ndefu zisizo na tukio. Tofauti ni hii: nembo za Uingereza zisipopaliliwa na kujazwa chokaa kila baada ya muda humezwa na nyasi, na nyingi zimeshamezwa, ilhali zile za California hazikupata mtunzaji kwa miongo mingi na bado zinaonekana.

Kwa nini? Jibu liko katika ardhi yenyewe, na hapa naomba mnivumilie kwa sababu ndiyo sehemu niipendayo kuliko zote.

Sehemu kubwa ya jangwa lile haina mchanga unaotembea kama tunavyolidhania jangwa. Uso wake umefunikwa na tabaka moja tu la mawe madogo yaliyoshikana kama vigae vya sakafu, na chini yake kuna udongo laini usio na mawe mengi. Upepo huleta vumbi, vumbi hupenya katikati ya mawe na kujikusanya chini yake, na mawe huendelea kukaa juu, taratibu mno. Uso wa kila jiwe unaoelekea angani hujipaka ngozi nyeusi inayong'aa, iliyotokana na madini ya manganizi na chuma pamoja na udongo mwembamba, na ngozi hiyo huchukua maelfu ya miaka kukolea. Ukiligeuza jiwe, upande wa chini ni wa rangi hafifu. Ukiliondoa, udongo ulio chini yake ni mweupe kuliko mazingira. Kwa hiyo askari aliyeokota jiwe na kulisogeza mita mbili alifanya mambo mawili kwa pamoja: aliandika pale alipoliweka, na aliandika pia pale alipolitoa. Magari nayo yaliandika. Minyororo ya vifaru vilivyopita mara moja tu mwaka 1943 imeacha michirizi inayofuatika kwa macho hadi leo, na watafiti waliopima udongo wa kambi hizo miongo kadhaa baadaye waliukuta mitaani bado umeshindiliwa, vichaka vikisitasita kurudi.

Askari hawa hawakuwa wa kwanza kuligundua jambo hilo. Karibu na mji wa Blythe, ndani ya eneo lilelile la mafunzo, kuna maumbo makubwa ya watu na wanyama yaliyochorwa ardhini na wenyeji wa asili wa bonde la mto Colorado kwa kukwangua mawe meusi na kufichua ardhi nyeupe. Umbo kubwa kuliko yote ni la mtu mwenye urefu wa mita zaidi ya 50. Dunia ya nje ililifahamu baada ya rubani mmoja, George Palmer, kuliona kutoka angani mwaka 1932. Wamohave na Waquechan hawakumhitaji rubani, kwa maana masimulizi yao ya uumbaji yamefungamana na nchi hiyo. Miaka kumi tu baada ya rubani huyo, vijana wenye nambari begani walifika katika nchi hiyohiyo na, bila kuambiwa na mtu, wakaanza kuandika kwa mbinu iliyo ndugu ya ile.

Ukaribu huo huwaletea wanaakiolojia kazi ngumu. Unakutana na duara la mawe katikati ya uwanda: je, ni la mwindaji wa kale aliyelala hapo, au la askari aliyezungushia hema lake? Unaanza kwa kutazama mistari. Jeshi hupenda pembe mraba na umbali ulio sawa, kwa hiyo duara lililo peke yake ni jambo moja, na duara la kumi katika safu ya maduara yaliyoachana hatua zilezile ni jambo jingine. Kisha unainama na kutazama ngozi ya mawe: kama nyuso nyeusi zimegeukia huku na huku, mengine kichwa chini, mkono ulioyaweka si wa zamani sana. Mwisho unatazama takataka, na hapa niseme wazi kwamba kopo lenye kutu linaniambia mengi kuliko sanamu ya shaba. Makopo ya chakula cha jeshi yana namna yake ya kufunguliwa. Chupa za soda zina jina la mji zilikotengenezwa kwenye kitako. Maganda ya risasi yana mwaka na alama ya kiwanda. Mtu akiliokota kopo hilo akaenda kulipanga sebuleni kwake, ameondoka na tarehe ya nembo iliyokuwa kando yake, na nembo inabaki mawe tu.

Kati ya kambi zote, Iron Mountain ndiyo inayotajwa kuwa imehifadhika vizuri zaidi. Humo mna njia zilizozungushiwa mawe, mna madhabahu mawili ya mawe yaliyojengwa kwa ajili ya ibada za uwanjani, na mna ramani kubwa ya mwinuko iliyoumbwa ardhini, yenye milima na mabonde ya eneo zima la mafunzo, ambayo maofisa waliweza kuizunguka kwa miguu wakionyeshana vikosi vitapita wapi. Nimeyafikiria sana yale madhabahu. Mawe yake yaliokotwa palepale yalipookotwa ya nembo, na pengine na mikono ileile, ila yamepandishwa na kujengwa badala ya kulazwa. Walioyapigia magoti walijua fika kwamba mafunzo yakiisha ni meli.

Nisiwafiche kwamba kuna swali lililokuwa likinisumbua muda wote: nani alipata nembo? Jeshi la Marekani la wakati ule lilitenganisha watu kwa rangi. Divisheni ya 93 ya askari wa miguu, iliyokuwa ya Wamarekani weusi, ilifanya mazoezi katika Kambi ya Clipper mwaka 1943 kabla ya kupelekwa Pasifiki mwanzoni mwa 1944. Nembo yao ya begani ilikuwa kofia ya chuma ya Kifaransa, ya rangi ya buluu, kwa kumbukumbu ya vikosi vyao vilivyopigana chini ya majenerali wa Ufaransa katika vita vya kwanza, pale jeshi lao wenyewe liliposita kupigana nao bega kwa bega. Hao angalau walikuwa na alama ya kuvaa, na yenye kisa. Wapagazi wa kwetu waliobeba vita vya 1914 hadi 1918 vichwani mwao, kutoka pwani hadi maziwa, hawakupewa hata hiyo. Kambi yao hapa mjini haikuacha jiwe juu ya jiwe. Kilichobaki ni jina la kikosi chao, Carrier Corps, lililolainika katika vinywa vyetu likawa Kariakoo, na leo ukipanda daladala kwenda sokoni unataja kikosi cha jeshi bila kujua. Nairobi nao wana Kariokor yao. Ni alama ya aina nyingine, lakini nayo imekaa pale ilipowekwa, na ndiyo maana inasomeka.

Nirudi jangwani. Kituo kile kilifungwa mwezi Aprili 1944. Vita vya Afrika Kaskazini vilikuwa vimekwisha tangu Mei 1943, na mazoezi ya miezi ya mwisho hayakuwa tena ya jangwa kama jangwa. Eneo lilitumika kufundisha namna ya kuendesha uwanja mzima wa vita, na usambazaji wa mahitaji ukiwemo. Mahema yalikunjwa, mabomba yakang'olewa, waya zikazungushwa kwenye magurudumu yake. Mawe hayakuwa mali ya stoo ya jeshi, hayakuwa na nambari ya kuorodheshwa, basi yakaachwa. Naona hilo ndilo lililoyaokoa.

Siku hizi ulinzi upo kiasi. Kambi kadhaa ziko katika ardhi ya serikali chini ya Ofisi ya Usimamizi wa Ardhi, baadhi ya sehemu zimezungushiwa uzio, na mwaka 2016 zilizo upande wa kaskazini ziliingizwa ndani ya hifadhi ya taifa iitwayo Mojave Trails. Makumbusho yenye jina la Patton yalifunguliwa Chiriaco Summit mwaka 1988. Hatari zilizobaki ni za kawaida sana. Mafuriko ya ghafla hukata mitaa ya kambi, na hayo hayana wa kumlaumu. Pikipiki na magari ya starehe huvuka nembo kwa dakika moja, na alama za magurudumu yao zitadumu kama zilivyodumu za vifaru. Wakusanyaji wenye vifaa vya kutafutia chuma huchimba, wakati mwingine kwa ujinga wa hatari, kwa sababu silaha ambazo hazikulipuka bado hupatikana. Kisha kuna wageni wenye nia njema, ambao mimi binafsi nawaogopa kuliko wote: wanaona pembetatu imepungukiwa na mawe matatu, wanatafuta mawe matatu mazuri, wanaijazia. Hakuna saruji iliyoyashika mawe yale. Jiwe likiokotwa halina tofauti na mengine yaliyoko jangwani. Lilikuwa herufi kwa sababu ya mahali lilipolala, na aliyeongeza lake ameandika neno lake juu ya neno la marehemu.

Ndiyo maana kazi yetu tunaifanya kwa picha na vipimo, bila kugusa. Tunapiga picha kutoka juu, asubuhi mapema au jioni, kwa sababu adhuhuri jua likiwa utosini nembo hupotea kabisa machoni, nawe unaweza kusimama katikati yake usiione. Jua likiinama, kila jiwe hutoa kivuli kirefu kuliko kimo chake, na mistari hujitokeza.

Naomba basi taa zizimwe, na walio mbele wainamishe vichwa kidogo ili wa nyuma waone. Picha ya kwanza ni ya mtaa wa mahema, jua likiwa limebakiza kama nusu saa kuzama. Mistari miwili mirefu ni kingo za barabara. Vile vijia vifupi vinavyotoka kando, vyote vya urefu mmoja, vinaishia kwenye miraba mitupu, na mraba wa tatu kutoka kushoto, mkiutazama vizuri, una mawe madogo zaidi mlangoni, yaliyopangwa kwa umbo ambalo sijalipata katika kambi nyingine yoyote.